Nani Hulipia Mwanasiasa Anaposogea Katikati?

Machi 2012, mshauri wa Mitt Romney aliulizwa kwenye televisheni kama mgombea wake hajajifunga mno kwa kauli kali alizozitoa kwenye kura za mchujo za chama cha Republican nchini Marekani. Mshauri huyo, Eric Fehrnstrom, akajibu kuwa kampeni za uchaguzi mkuu ni kama kile kibao cha watoto cha kuchorea: unakitikisa, michoro inafutika, unaanza upya. Haikuchukua muda, mahasimu wa Romney ndani ya chama, Rick Santorum na Newt Gingrich, wakapanda majukwaani wamekishika kibao chenyewe mkononi.

Jibu lile liliwaudhi watu kwa sababu lilithibitisha walichokuwa wakikihisi siku zote. Uchaguzi ukikaribia, lugha ya wanasiasa hubadilika. Aliyekuwa akitaka viwanda vitaifishwe anaanza kuwasifu wawekezaji. Aliyekuwa akidai mipaka ifungwe anaanza kuzungumzia utaratibu mzuri wa uhamiaji. Wafuasi wake wa siku zote wanamwita kigeugeu, wapinzani wanasema ni mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, na wachambuzi wanasema amekomaa. Naona hukumu zote tatu zinatolewa mapema mno. Kusogea katikati kuna gharama, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Ukishajua ni nani aliyeilipa, na kama aliilipa kabla ya kura au baada yake, utakuwa umemjua mwanasiasa huyo kuliko unavyoweza kumjua kwa hotuba zake zote.

Tuanze na hesabu, maana mengi yanatokana nayo. Mwaka 1929 mwanauchumi Harold Hotelling alieleza kwa nini maduka mawili yanayoshindana kwenye barabara moja huishia kukaribiana: kila moja likisogea kuelekea kwa mwenzake linamega wateja wa katikati bila kupoteza wale wa nyuma yake. Yeye mwenyewe aliona kuwa vyama vya siasa hufanya vivyo hivyo. Duncan Black akaendeleza wazo hilo mwaka 1948, na mwaka 1957 Anthony Downs akalifanya kuwa nadharia kamili ya ushindani wa vyama.

Wapange wapiga kura 101 kwenye mstari mmoja, kuanzia wa kushoto kabisa, namba 1, hadi wa kulia kabisa, namba 101. Kila mmoja atampigia mgombea aliye karibu naye zaidi. Mgombea wa kushoto amesimama kwenye namba 30, wa kulia kwenye namba 60. Wa kushoto atapata wapiga kura 44 wa mwanzo, wa kulia atapata 56, na namba 45, aliye katikati yao hasa, hana pa kuegemea. Mgombea wa kushoto ameshindwa. Sasa asogee hadi namba 50. Mpaka kati yao unahamia namba 55, yeye anapata 54 na mpinzani wake anabaki na 46. Sera zake zimebadilika kwa hatua 20, na Ikulu ni yake. Mtu wa namba 51 ndiye anayeitwa mpiga kura wa kati: ukimpata yeye pamoja na wote walio upande wako, umeshinda.

Ila hesabu hiyo ina sharti ambalo washauri wengi wa kampeni hulisahau. Inadhani wale wa namba 1 hadi 29 hawana pa kwenda, kwa hiyo watapiga kura hata wakiwa wamenuna. Tuseme 10 kati yao wamekasirika wakabaki nyumbani. Kura 54 zinashuka hadi 44, mpinzani bado ana 46, na safari yote ya kwenda katikati imekuwa bure. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Mgombea anawatafuta wapya huku akiwashikilia wa zamani, na makundi hayo mawili yanasikia hotuba ileile. Nchini Marekani mwaka 2000, Ralph Nader wa chama cha Kijani, ambaye ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba vyama vikubwa vimekuwa kitu kimoja, alipata kura zaidi ya 97,000 katika jimbo la Florida. Al Gore wa Democratic alilipoteza jimbo hilo, na urais pamoja nalo, kwa kura 537.

Katika nchi ambako kupiga kura ni lazima kisheria, kama Australia tangu mwaka 1924, hatari ya kubaki nyumbani ni ndogo zaidi, na kishawishi cha kukimbilia katikati kinaongezeka. Pale ambapo watu hujitokeza kwa hiari na wengi hawajitokezi, baadhi ya washauri huona ni nafuu kuwachochea wafuasi sugu wafurike vituoni kuliko kumbembeleza mtu wa namba 51. Mikakati yote miwili imewahi kushinda chaguzi.

Hiyo kati yenyewe nayo si mahali pa kudumu. Watu wengi huichukulia kama eneo la busara lililo umbali sawa kutoka kwenye kila itikadi, kumbe inategemea tu jinsi watu walivyopangika siku ile. Wapiga kura wakihama, mtu wa namba 51 anahama nao. Serikali ya Labour ya Clement Attlee ilipoanzisha huduma ya taifa ya afya nchini Uingereza mwaka 1948, chama cha Conservative kilikuwa kimeupinga muswada wake bungeni. Winston Churchill aliporudi madarakani mwaka 1951, hakuivunja. Wananchi walikuwa wameshaizoea. Miongo michache baadaye Margaret Thatcher aliuza mashirika ya umma moja baada ya jingine, na Labour ilipokuja kushinda haikuyataifisha upya. Kwa hiyo mwanasiasa ana njia mbili: kwenda waliko watu, au kuwavuta watu waje alipo. Njia ya pili huchukua miaka, na aghalabu huwezekana ukiwa tayari umeshika dola. Anayeingia kwenye kampeni zikiwa zimebaki wiki chache hana muda huo.

Tena mstari si mmoja. Mtu anaweza kuwa wa kulia kwenye uhamiaji na wa kushoto kwenye pensheni. Donald Trump mwaka 2016 alionekana mkali kuliko wagombea wote wa chama chake, na kwenye uhamiaji na biashara alikuwa hivyo. Lakini aliahidi kutogusa pensheni za wazee wala bima yao ya afya, wakati vigogo wa chama chake walikuwa wametumia miaka wakipendekeza kuzipunguza. Katika jambo hilo moja, ambalo wapiga kura wazee wanalijali mno, yeye ndiye aliyekuwa karibu na katikati. Anayeuliza tu kama mgombea ni mkali au mpole atapitwa na jambo la namna hiyo.

Sasa turudi kwenye gharama.

Tony Blair alichukua uongozi wa Labour Julai 1994. Chama kilikuwa kimeshindwa chaguzi nne mfululizo: 1979, 1983, 1987 na 1992. Katiba ya chama ilikuwa na Ibara ya Nne, iliyopitishwa mwaka 1918, iliyotangaza lengo la umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji, ugawaji na ubadilishanaji. Maneno hayo yalichapishwa kwenye kadi za uanachama. Hakuna kiongozi wa Labour wa miaka ile aliyekuwa na mpango wa kuyatekeleza, na Blair angeweza kuyanyamazia kama watangulizi wake walivyofanya. Hugh Gaitskell alijaribu kuyaondoa baada ya kushindwa uchaguzi wa 1959, chama kikamgomea akarudi nyuma. Blair akaamua kuyagusa. Alitoa dokezo kwenye mkutano mkuu wa Oktoba 1994, akazunguka nchi nzima kubishana na wanachama, na Aprili 1995 mkutano maalumu ukapitisha maneno mapya kwa takriban asilimia 65 ya kura. Angeshindwa siku ile, uongozi wake ungekuwa umekwisha kabla hajagombea chochote.

Hapo ndipo mpiga kura wa namba 51 alipoona kitu. Kauli laini hazigharimu chochote, kila mtu anaweza kuzitoa. Kugombana na watu wako mwenyewe, hadharani, kwa jambo wanalolipenda, ukiwa huna hakika ya kushinda, hilo halifanywi na mtu anayeigiza. Januari 1997 Gordon Brown, waziri kivuli wake wa fedha, akaongeza ahadi mbili zilizowafunga mikono: kiwango cha juu cha kodi ya mapato hakitapandishwa, na kwa miaka miwili ya kwanza watafuata bajeti za matumizi zilizopangwa na serikali waliyokuwa wakiipinga. Mei 1997 Labour ilishinda kwa kupata viti 418.

Bill Clinton alikuwa ametangulia kutumia mbinu ya ugomvi wa ndani. Democratic ilikuwa imepoteza chaguzi tano za urais kati ya sita kuanzia 1968 hadi 1988. Juni 1992 Clinton alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa taasisi ya Jesse Jackson, mtetezi mkubwa wa haki za Wamarekani weusi, na akitumia jukwaa hilohilo akalaani kauli za mwanamuziki Sister Souljah kuhusu mauaji ya wazungu. Jackson alikasirika. Tangu wakati huo wachambuzi wa Marekani hulitumia jina la mwanamuziki huyo kila mgombea anapowakemea wa kwao ili wa nje wamsikie.

Lakini tazama aliyelipa. Blair aliweka rehani cheo chake mwenyewe. Clinton alitumia heshima ya mwenyeji wake. Miaka minne baadaye, Agosti 1996, uchaguzi ukiwa umebaki miezi michache, Clinton alitia saini sheria iliyofuta haki ya familia maskini zenye watoto kupata msaada wa serikali kuu, haki iliyokuwapo tangu 1935. Alikuwa ameikataa miswada miwili ya namna hiyo kabla. Peter Edelman, ofisa wa ngazi ya juu katika wizara iliyohusika na rafiki wa familia ya Clinton, alijiuzulu kwa kuipinga. Clinton alichaguliwa tena kwa urahisi. Akina mama waliokuwa wakitegemea hundi ile hawakuwa na mahali pa kujiuzulu. Siwezi kuziita safari hizi mbili jambo moja, hata kama vitabu vya mikakati vinaziweka kwenye sura moja: katika ya kwanza mwanasiasa alitoa chake, katika ya pili alitoa cha wasio na sauti.

Mfano unaonifundisha zaidi unatoka Brazil. Luiz Inácio Lula da Silva, aliyewahi kuwa fundi wa kiwandani na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alishindwa urais mwaka 1989, 1994 na 1998. Mwaka 2002 kura za maoni zilimweka mbele, na kadiri alivyozidi kuongoza ndivyo sarafu ya nchi ilivyozidi kuporomoka, kwa kuwa wawekezaji walihofia angegoma kulipa madeni. Tarehe 22 Juni alitoa barua kwa Wabrazili akiahidi kuwa mabadiliko yatakuja na kuwa serikali yake itaheshimu mikataba na wajibu wa nchi. Mgombea mwenza wake alikuwa José Alencar, mwenye viwanda vikubwa vya nguo kutoka chama cha Kiliberali. Alishinda duru ya pili kwa asilimia 61.

Alipoingia madarakani akalipa alichoahidi, na zaidi. Benki Kuu aliikabidhi kwa Henrique Meirelles, aliyewahi kuongoza benki ya Kimarekani na ambaye mwaka huohuo alikuwa amechaguliwa mbunge kwa tiketi ya chama pinzani. Lengo la ziada ya bajeti kabla ya kulipa riba ya madeni likapandishwa hadi asilimia 4.25 ya Pato la Taifa, juu kuliko alivyodai mtangulizi wake. Wabunge waliokataa kuunga mkono mageuzi ya pensheni za watumishi wa umma walifukuzwa kwenye chama cha Lula Desemba 2003, akiwamo seneta Heloísa Helena. Wakaanzisha chama chao mwaka 2004, na mwaka 2006 Heloísa Helena akagombea urais dhidi ya Lula na kushika nafasi ya tatu. Upande wa pili wa daftari, Oktoba 2003 Lula alizindua Bolsa Família, mpango wa kuzipa fedha familia maskini kwa sharti la watoto kwenda shule na kliniki, ambao ulikuja kufikia mamilioni ya kaya. Aliwaudhi wanaharakati wake, akawatuliza wenye mitaji, na nafasi aliyoipata akaitumia kwa maskini. Mtu anaweza kubishana na bei, lakini bidhaa ilionekana.

Kuna pia kusogea kwa sura zaidi kuliko kwa sera, na hapo inabidi kusoma kwa makini. Marine Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia nchini Ufaransa, alirithi chama cha baba yake mwaka 2011, akamfukuza baba huyo uanachama mwaka 2015 kutokana na matamshi yake kuhusu mauaji ya Wayahudi, na mwaka 2018 akabadilisha jina la chama. Aliacha pia ahadi ya kuitoa Ufaransa kwenye sarafu ya euro, iliyomgharimu mwaka 2017. Kura zake za duru ya pili zikapanda kutoka asilimia 33.9 mwaka huo hadi 41.5 mwaka 2022. Gharama alilipa, tena ya kifamilia. Hata hivyo aliyeifungua ilani yake ya 2022 alikuta bado anataka kupiga marufuku hijabu hadharani, na bado anataka kura ya maoni ya kuiandika katika katiba kanuni ya kuwapendelea raia dhidi ya wageni katika ajira, makazi na misaada. Kwenye fedha na lugha alikuwa amesogea. Kwenye kiini cha chama alikuwa amesimama palepale. Mtu anapolainika, uliza amelainika katika lipi, na lipi halijaguswa.

Mfumo wa uchaguzi nao huamua safari itaanza lini na kwenda wapi. Marekani ina vituo viwili: kwanza kura za mchujo mbele ya wanachama wenye msimamo, kisha taifa zima, ndiyo maana akina Romney hujikuta wanahitaji kutikisa kibao. Ufaransa, duru ya pili humlazimisha aliyebaki kuomba kura za waliomkataa wiki mbili zilizopita. Katika mabunge yanayogawa viti kwa uwiano wa kura kama la Uholanzi, ambako sehemu moja kati ya 150 ya kura inatosha kupata kiti, chama kidogo hakina sababu ya kusogea kabla ya kura, kwa hiyo safari hufanyika baadaye, kwenye mazungumzo ya kuunda serikali. Geert Wilders, mwanasiasa wa huko anayepinga uhamiaji na Uislamu, alishinda viti 37 Novemba 2023. Januari 2024 aliondoa bungeni miswada yake, ukiwamo wa kupiga marufuku misikiti na Kurani, ili wenzake wakubali kuketi naye. Hata hivyo uwaziri mkuu hakuupata.

Na kuna nchi ambako kati haiko baina ya kushoto na kulia. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Nigeria inataka robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo yake 36 na mji mkuu. Tanzania inataka mgombea mwenza atoke upande wa pili wa Muungano. Katika mazingira hayo, kusogea katikati ni kutoka kwenye ngome yako na kukaa na wazee wa maeneo ambayo hukuwahi kuyatembelea, na kuchagua mgombea mwenza atakayewaudhi jamaa zako. Kanuni ni ileile: ukiona hakuna jamaa aliyeudhika, huenda hakuna kilichotolewa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni kusogea kimyakimya. Mgombea habadilishi ilani, anaacha tu kuitaja. Mwenye msimamo anaamini bado wako pamoja, na mpiga kura mpya anaamini mgombea ameiacha. Wote wawili wanapiga kura wakiwa na mikataba tofauti mkononi, na mmoja wao lazima atadhulumiwa. Afadhali mara mia mwanasiasa anayetamka kuwa amebadili mawazo na kueleza kwa nini, hata kama sababu yake ni kwamba anataka kushinda.

Keir Starmer alitamka, ingawa kwa awamu. Mwaka 2020 aliomba kura za wanachama wa Labour ili awe kiongozi wao, kwa ahadi kumi, zikiwamo umiliki wa umma wa reli, posta, nishati na maji, na kufuta ada za vyuo vikuu. Kufikia 2023 alikuwa ameshasema hadharani kuwa ahadi ya ada ameiacha kwa sababu ya hali ya uchumi, na maji na nishati vilikuwa vimeondoka kwenye orodha. Julai 2024 alipata viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 tu ya kura, huku wagombea huru wakimnyang'anya baadhi ya ngome za mijini na chama cha Kijani kikipata viti vinne kwa mara ya kwanza. Ahadi ya reli aliitunza: sheria ya kuzirudisha huduma za treni za abiria kwa umma ilipita Novemba 2024. Mwezi huohuo serikali yake ilitangaza kuwa ada za vyuo vikuu nchini England zitapanda kutoka pauni 9,250 hadi 9,535 kwa mwaka.